Kumaliza Gemu: Shajara ya Mradi

Siku ya 1

Mradi wenyewe ni huu: kuchukua gemu nane za zamani, zote za kabla ya 1987, na kuzicheza mpaka mwisho wake. Sitafuti pointi nyingi, natafuta kuona zinavyoisha.

Sababu ni ya kitoto na sioni haya kuisema. Miaka ya tisini mtaani kwetu Tanga palikuwa na kibanda cha gemu: televisheni ndogo yenye kichogo, padi mbili zilizozungushiwa utepe mweusi wa umeme, na kaseti ya njano iliyojinadi kuwa ina gemu 999. Ukishuka kwenye orodha unakuta ni kumi na kitu tu zinazojirudia kwa majina tofauti. Ulilipia dakika. Dakika zikiisha mwenye kibanda habembelezi, mkono unakwenda kwenye swichi ya ukutani, na Mario wako, hata awe juu ya daraja la mwisho, giza. Nimecheza pale karibu miaka mitatu bila kuona mwisho wa gemu hata moja. Wakubwa wetu walidai wameuona. Mmoja aliapa kwamba ukimaliza, binti mfalme anakutajia jina lako.

Kanuni ninayoanza nayo: mwisho wa kweli ni pale mashine yenyewe inapokuambia kazi imekwisha na hakuna kinachofuata. Kwa kanuni hiyo gemu nyingi za mashine za sarafu zinatoka nje ya mlango mapema. Space Invaders ya 1978 haina mwisho wowote. Ukifyeka safu zote za wavamizi zinashuka nyingine, zikianzia chini kidogo kuliko mwanzo. Mwisho pekee ni kufa kwako. Ndivyo mwenye mashine alivyotaka, maana sarafu haitoki kwa aliyeshinda bali kwa aliyekufa anayetaka kujaribu tena.

Orodha: Adventure ya kompyuta kubwa (1977), Adventure ya Atari (1980), Pac-Man (1980), Pitfall! (1982), Jet Set Willy (1984), Karateka (1984), Ghosts 'n Goblins (1985) na Bubble Bobble (1986). Zote kwa emuleta, yaani programu inayoigiza mashine ya zamani, kwenye kompyuta mpakato yangu yenye kibodi isiyo na herufi Q.

Siku ya 3

Nimeanza na Adventure ya kompyuta kubwa, ile ya pangoni. Hakuna picha hata moja. Unasoma maneno, unaandika maneno mawili ya amri, unasoma tena. Will Crowther aliiandika katikati ya miaka ya sabini akiwa mtaalamu wa kompyuta Massachusetts. Alikuwa mpanda mapango halisi, na ramani ya gemu inafuata kipande cha pango la Mammoth kule Kentucky. Ndoa yake ilikuwa imevunjika, akaitengeneza ili binti zake wawe na kitu cha kucheza wakimtembelea.

Kilichonishika ni hiki: ya Crowther haikuwa na pointi. Unatembea pangoni, unaokota vitu, basi. Ni Don Woods wa Stanford aliyeikuta kwenye kompyuta, akaomba ruhusa, na mwaka 1977 akaongeza hazina, akaongeza hesabu ya pointi 350, na akaweka mwisho. Mmoja alijenga pango, mwingine akaja kulifunga. Sijui kwa nini nilidhani mwisho huja pamoja na gemu kama mkia na mnyama wake.

Nimekufa mara sita. Mara mbili kwa kutumbukia shimoni gizani, nyingine kwa vibeti wenye visu.

Siku ya 8

Nimemaliza. Pointi 349.

Nieleze kwanza mwisho, maana ni mzuri. Ukishakusanya hazina zote 15 na kuzipeleka kwenye kile kinyumba cha juu, hakuna vigelegele. Unaendelea kuzunguka, na baada ya hatua kadhaa sauti inatangaza kwamba pango linakaribia kufungwa, watu wote watoke. Kama duka la jioni! Milango inafungwa ukiwa ndani. Halafu unajikuta kwenye ghala, na ghalani mmepangwa vitu vyote ulivyokutana navyo safari nzima: taa, chupa, chaza, nyoka, vibeti wamelala sakafuni wakikoroma. Ni stoo ya maigizo baada ya pazia kushuka. Kuna fimbo nyeusi ambazo si fimbo, ni baruti. Unaweka moja upande mmoja, unakwenda upande wa pili, unaandika BLAST. Ukuta unapasuka na unabebwa juu juu kama shujaa kuelekea machweo.

Na pointi moja inayokosekana? Nimesalimu amri nikasoma maelezo. Inabidi uchukue gazeti fulani la wapanda mapango ulilolipita bila kulijali, ukaliache kwenye chumba kinachoitwa Witt's End. Hakuna dokezo lolote la kutosha. Nimeikataa. Mashine imesema imekwisha, nami nasema imekwisha.

Hali: 1 kati ya 8.

Siku ya 9

Umeme hakuna toka saa tatu asubuhi.

Siku ya 12

Adventure ya Atari. Warren Robinett alilichukua wazo lile la pango la maneno akalitia kwenye kaseti ya kilobaiti 4, kwa mashine yenye kumbukumbu ya baiti 128. Aya hii ninayoandika haiingii ndani ya baiti 128. Kwa hiyo shujaa ni mraba. Mraba mtupu wa rangi. Majoka yanafanana na bata, na mpwa wangu wa darasa la sita, aliyekuja likizo na sasa hatoki nyuma ya kiti changu, alicheka mpaka akakaa chini.

"Mjomba, huyu bata anakula mraba?"

Anaumeza, ndiyo. Na ukimezwa unaonekana tumboni mwake, unaweza hata kujisogezasogeza humo ndani ukisubiri kubonyeza kitufe cha kufufuka. Kazi ni kutafuta kikombe cha ajabu na kukirudisha kwenye ngome ya dhahabu. Unabeba kitu kimoja tu kwa wakati: ama upanga, ama ufunguo. Ukibeba kikombe huna upanga. Kwenye mchezo wa pili na wa tatu kuna popo anayekuja bila taarifa, anakupokonya ulichobeba na kukuachia alichokuwa nacho, na mara nyingine alichokuwa nacho ni joka hai.

Mchezo wa kwanza dakika saba. Wa pili ulichukua jioni nzima kwa sababu ya popo. Ukiingia na kikombe ngomeni, rangi zinawakawaka, mlio unapanda, kila kitu kinaganda. Sekunde chache tu. Mpwa alipiga makofi, na mimi nilisikia kitu kifuani ambacho kwa umri wangu sitakieleza.

Siku ya 13

Nyongeza, maana sikulala vizuri kwa ajili yake. Atari wakati ule haikuandika majina ya watengenezaji kwenye kaseti. Robinett akaficha lake. Ndani ya ngome nyeusi, kwenye njia za kupotezana, kuna chumba chenye nukta moja ya kijivu, rangi ileile ya sakafu, haionekani kwa macho. Ukiibeba mpaka upande wa mashariki chini ya ngome ya dhahabu, na kukiwa na vitu vingine viwili chumbani, ukuta unapitika. Upande wa pili kuna chumba kisicho na mlango mwingine, na katikati yake maandishi ya kusimama wima: ameiumba Warren Robinett. Hakumwambia mtu kazini. Alishaacha kazi kabla kampuni haijajua, na aliyewafungua macho ni kijana wa miaka 15 wa Salt Lake City aliyewaandikia barua.

Sasa mwisho wa gemu hii ni upi? Kikombe au jina? Kanuni yangu inasema kikombe. Nimeibeba nukta hata hivyo. Mpwa ndiye aliyeipata, kwa kupapasa ukuta na mraba kama anayetafuta swichi gizani.

Hali: 2 kati ya 8.

Siku ya 17

Pac-Man. Sikuicheza mpaka hatua ya 256, niwe mkweli. Nina kazi na nina familia. Nimeiruhusu emuleta inirushe mpaka 255, nikamaliza hiyo kwa mikono yangu kwa jaribio la kumi na moja.

Hatua ya 256 nusu ya kushoto ni Pac-Man wa kawaida. Nusu ya kulia ni herufi, namba, vipande vya rangi, kama sahani iliyovunjika. Chanzo chake ni kidogo sana. Namba ya hatua inatunzwa kwenye baiti moja, na baiti haivuki 255. Programu inapoongeza moja ili ijue ichore matunda mangapi pale chini, inapata sifuri, na kitanzi cha kuchora kinachoanzia sifuri kinazunguka mara 256. Matunda yanamwagika juu ya ramani yenyewe. Vidonge vya kula havitoshi kukamilisha hatua, kwa hiyo huendi mbele. Namco, watengenezaji wake, hawakutarajia binadamu afike pale.

Kwa kanuni yangu hii si kumalizika, ni kuharibika. Lakini hakuna kinachofuata, na mashine imesema, japo kwa kuropoka. Naihesabu nusu.

Hali: 2 na nusu.

Siku ya 18 hadi 26

Pitfall! imekula wiki nzima.

Dakika 20. Hazina 32. Skrini 255, zote ndani ya kaseti ya kilobaiti 4. David Crane hakuzihifadhi skrini hizo kokote. Kuna namba moja ya biti nane, yaani tarakimu nane za 0 au 1, inayosukumwa na kuchanganywa kwa kanuni maalumu kila unapovuka ukingo wa skrini, na biti za namba hiyo ndizo zinazosema kuna shimo au bwawa, mamba au kamba ya kubembea, hazina au nge. Ukienda kinyume, kanuni inageuzwa. Baada ya skrini 255 namba inarudi ilikoanzia, kwa hiyo msitu ni duara. Nimekaa na daftari na kuikokotoa kwa mkono skrini kumi za kwanza, zikatoka sawasawa. Huo ndio ulikuwa ushindi wangu mkubwa wa wiki, na hakuna hata mmoja nyumbani aliyeujali.

Kwa juu peke yake muda hautoshi. Kuna njia ya chini ya ardhi, na kila skrini unayovuka chini ni sawa na tatu za juu. Tatizo ni kuta za matofali zinazokuzuia ukiwa umeshakwenda mbali. Kwa hiyo unachora ramani. Na unakwenda kushoto, kwa sababu magogo yanabingirika kuelekea kushoto, na ni rahisi kumruka anayekwenda nawe kuliko anayekujia.

Siku ya 22: hazina 19. Siku ya 23: 24. Siku ya 25: 31, na saa ikaniishia nikiwa naliona begi la fedha. Siku ya 26, zote 32. Nilipoteza pointi kidogo kwa mashimo, sikufikia zile 114,000 za ukamilifu.

Na kilichotokea: saa ikasimama. Harry, shujaa wa gemu, akaganda na mguu mmoja mbele. Hakuna muziki, hakuna neno. Mpwa akaniuliza, "Imekwama?"

Hapo ndipo nilipoanza kuikasirikia kanuni yangu. Mwisho uliopangwa umefanana na kompyuta kukwama, na ule uliotokana na kukwama ulikuwa na rangi zote za sherehe.

Hali: 3 na nusu.

Siku ya 30

Jet Set Willy, ya kompyuta ya ZX Spectrum ya Uingereza. Matthew Smith. Willy amefanya karamu nyumbani kwake, jumba zima limechafuka, na mama wa kazi, Maria, amesimama mlangoni pa chumba cha kulala akinyoosha kidole: hulali mpaka uokote kila kitu. Nani asiyemjua Maria huyo.

Iliuzwa na zawadi kwa wa kwanza kuimaliza, na haikuwezekana kuimaliza. Ukiingia chumba cha darini, mshale unaoruka humo unapita mpaka wa kumbukumbu ya skrini na kuharibu vyumba vingine. Ukivirudia baadaye unakufa papo hapo. Wachapishaji kwanza walidai ni makusudi, kwamba vyumba vile vina gesi ya sumu. Vijana wawili waliichambua programu yenyewe, wakaonyesha makosa na jinsi ya kuyarekebisha, wakapewa zawadi. Yaani waliomaliza wa kwanza ilibidi kwanza waujenge mwisho.

Nimecheza toleo lililorekebishwa, namba chache zimebadilishwa kwenye kumbukumbu kabla ya kuanza. Vitu 83. Maria anaondoka, Willy anakikaribia kitanda, na badala ya kulala anatimua mbio mwenyewe, bila mimi kugusa kitu, kupitia vyumba mpaka chooni, anatumbukiza kichwa kwenye sinki la choo na miguu inabaki juu inapiga hewa. Karamu hiyo!

Hali: 4 na nusu.

Siku ya 33

Karateka ni fupi, nimeimaliza kwa siku mbili. Jordan Mechner aliitengeneza akiwa bado mwanafunzi Yale. Unapigana mlinzi baada ya mlinzi mpaka kwa bwana mkubwa, unamwangusha, unaingia alikofungwa binti mfalme Mariko.

Sikumwambia mpwa anachotakiwa kufanya. Nilimpa kibodi kwa hatua ya mwisho. Alikuwa bado amesimama mkao wa vita, ngumi mbele, miguu imetanuliwa, akamsogelea binti taratibu. Binti akampiga teke moja la kichwa. Amekufa. Kazi yote mwanzo.

Aligeuka akanitazama kama mtu aliyedhulumiwa shamba.

"Ulimwendea na ngumi," nikamwambia.

Safari ya pili akashusha mikono, akakimbia, wakakumbatiana. Muziki ukapiga. Nikifikiria, binti mfalme wa 1984 alikuwa na haki zaidi ya yule wa kibandani kwetu.

Hali: 5 na nusu.

Siku ya 34 hadi 44

Ghosts 'n Goblins. Nimechagua toleo la kaseti ya nyumbani kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kwenye ile kaseti ya njano. Naandika kwa ufupi kwa kuwa sina jema la kusema. Ukiguswa mara moja unabaki na chupi, ukiguswa mara ya pili unabaki mifupa. Nimehifadhi katikati kila mahali, mara zisizohesabika, na bila hivyo ningekuwa bado makaburini. Ukimaliza kila kitu, ukamwangusha bosi wa mwisho, unaambiwa kwamba chumba hiki ni kiinimacho, mtego wa Shetani, rudi mwanzo. Gemu yote tena, na ngumu zaidi. Ukifika mwisho bila silaha inayotakiwa, unarudishwa nyuma.

Nilirudi mwanzo. Siku ya 44 saa sita usiku ikatoka pongezi iliyoandikwa kwa Kiingereza kilichopinda, Congraturation, ikanishukuru, ikaniambia mwili wangu umejaa nguvu, na ikanishauri nirudi nilikoanzia nijaribu tena.

Hali: 6 na nusu, hii ikiwa na alama ya kuibia.

Siku ya 47

Bubble Bobble, ya Taito. Majoka mawili madogo, ya kijani na ya buluu, yanapuliza viputo, adui ananaswa ndani, unapasua. Vyumba 100. Imebuniwa na Fukio Mitsuji, na aliibuni wazi kabisa kwa ajili ya watu wawili. Nilikuwa nimepanga kuicheza peke yangu usiku, wengine wakiwa wamelala. Nimesoma kwamba ukifika mwisho peke yako mashine inakuambia huo si mwisho wa kweli, njoo na rafiki yako. Basi nimeagiza padi ya pili.

Mpwa ana wiki mbili kabla shule hazijafunguliwa.

Siku ya 52

Chumba cha 38. Ananiita mzigo. Ana haki: nasahau kuruka juu ya kiputo changu mwenyewe ili kupanda, yeye anakwenda kama anapanda ngazi za nyumbani.

Tumekubaliana: sarafu za kuendelea zinaruhusiwa mpaka chumba cha 99. Chumba cha 100, hakuna. Ni yeye aliyeitaka sheria hiyo.

Siku ya 56

Chumba cha 71. Umeme ulikatika tukiwa cha 74 na emuleta haikuwa imehifadhi. Hakulia, lakini aliosha vyombo bila kuambiwa, na kwetu hiyo ni ishara mbaya.

Siku ya 59

Tumefika chumba cha 100. Bosi anajaza robo ya skrini, anarusha chupa. Unakunywa dawa, viputo vyako vinakuwa vya radi, unamgeuzia mgongo na kupasua kiputo, kwa maana radi inakwenda kinyume na unakotazama. Nilikufa maisha yangu ya mwisho bosi akiwa amebakiza kidogo. Yeye akaendelea peke yake, ulimi nje, akamnasa, akampasua.

Kisha mashine ikamwambia kwamba huo si mwisho wa kweli, arudi na rafiki yake.

Nikamtafsiria. Akafikiri kidogo. "Mjomba, inakusema wewe."

Siku ya 61

Tumemaliza. Wote wawili hai, mimi na maisha moja. Mioyo ikajaa kwenye skrini, majoka yakageuka watoto wa watu. Mwisho mwema, ndivyo ulivyoandikwa. Alinishika mkono bila kujua kwamba amenishika.

Halafu nikamwambia lililobaki. Kuna namna ya pili ya kucheza, inaitwa Super, vyumba vilevile mia moja vyenye maadui waliobadilishwa, na mwisho wenyewe hasa uko huko. Kule bosi anapoanguka anageuka kuwa baba na mama wa wale wawili, waliokuwa wamerogwa muda wote. Hilo la wazazi sijamwambia.

Anapanda basi kesho asubuhi kurudi shule. Padi yake ameifunga kwenye mfuko wa plastiki, ameandika jina lake kwa kalamu ya wino, ameiweka juu ya kabati mahali wadogo hawafiki. Likizo ijayo ni Desemba.

Hali: 6 na nusu kati ya 8. Bubble Bobble naiacha wazi.